Mkono Chini ya Meza

Wateja walimwita Bi Mkasi, na hata ugonjwa ulipomfutia majina ya wanawe, mikono yake haikusahau kazi. Ukimpa kitambaa, atakipima kwa shubiri na kukikata bila kuweka alama. Ukimuuliza amekula nini asubuhi, anacheka tu.

Cherehani ilirithiwa na bintiye, na balaa likaanzia hapo. Kila alipomaliza mshono, mama aliuchukua akaufumua uzi mmoja mmoja. Na tuseme ukweli: mishono yenyewe ilikuwa imepinda. Siku moja, mteja akiwa mlangoni anasubiri sare za wanawe, binti alipandwa na hasira, akachukua rula ya mbao akamchapa mama vidoleni.

Kesho yake mama aliamka mchangamfu, hakumbuki chochote. Binti akashusha pumzi. Kwa kuwa mama asingeweza kumshtaki, rula ilirudi kazini. Tena na tena. Aibu gani hiyo, mtu mzima na akili zake!

Siku ya kliniki, daktari alimwomba mama amshike mkono aliyemleta. Mama akauficha wake chini ya meza.

"Unamjua huyu, mama?"

"Simjui, baba. Ila namwogopa. Sijui kwa nini."

Daktari alimgeukia binti kwa upole. "Usishangae, dada. Ubongo hauweki kila kitu pamoja. Matukio na majina yana sehemu yake, na kwake ndiyo iliyoharibika. Ufundi wa mikono uko kwingine. Hofu nayo iko kwingine. Tukio linaweza kufutika, hofu ikabaki. Kuna mtu anamtisha nyumbani?"

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hapana," alisema, na uongo huo ukamwaibisha zaidi.

Walipofika nyumbani aliivunja rula, akapiga magoti, akakiri yote bila kujitetea. Mama alimsikiliza kama anayesimuliwa mambo ya jirani.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nimekusamehe. Inuka."

Binti alilia kwa faraja. Lakini msamaha nao ni tukio.

Asubuhi alimpelekea mama chai. Mama alimwitikia salamu vizuri, akapokea kikombe kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa chini ya meza.