Mashine Zilizojaribiwa kwa Mahindi

Tabita alifunua pipa, akaruka nyuma na kuziba pua. Aka! Uvundo gani huu, kama panya aliyefia ukutani! Ndiyo kahawa yake hiyo, jasho la msimu mzima, na kila punje aliyoiokota ilikuwa imechubuka. Mashine ilikuwa imeikwaruza, ikaoza kabla ya kuoshwa.

Na mashine ni ya nani? Ya Sadoki, kaka yake wa tumbo moja.

Sadoki na mwenzake Fanueli walikuwa mafundi wa setla mmoja, mzungu mwenye shamba la kahawa, huku Mbozi. Wakaacha kazi, wakafungua karakana yao kando ya kijito, ukuta kwa ukuta na Andongwisye mhunzi, wakaunda mashine ndogo za mkono za kumenyea kahawa. Zilikuwa nzuri, lakini si kwa akili zao peke yao. Akina mama walikuja na vikapu, wakamimina kahawa mbivu, wakazungusha mpini. Punje ikitoka na mchubuko, Tabita humwekea kaka yake kiganjani.

"Inakwaruza. Rekebisha."

Sadoki humwita Andongwisye, naye hugonga meno ya bati upya hapo hapo.

Basi Sadoki, bwana mkubwa, akahamia Tunduma, kwenye barabara ya wavuka mpaka. Eti Mbozi kuna moshi na wanawake wabishi! Fanueli akakataa katakata kumfuata, na mashine mpya zikawa zinaletwa Mbozi kwa lori.

Tabita alijaza uozo ule kwenye debe, akapanda lori. Abiria walimtukana njia nzima kwa uvundo ule.

Alimkuta Sadoki na kofia mpya, mashine zimepakwa rangi ya kijani, zinameremeta. Chini ya mashine hizo zilitapakaa punje za mahindi.

"Kaka, unajaribu mashine kwa mahindi?"

"Nayaloweka kwanza. Hapa Tunduma kahawa mbivu nitaitoa wapi, mdogo wangu?" Akacheka.

Tabita alifunua debe. Akamwaga debe lote juu ya meza.

"Mungu wangu! Umeniletea mzoga?"

"Ni kahawa yangu. Umeshasahau hata harufu yake? Na majirani wamechukua mashine zako kwa kuamini mdomo wangu. Leo nao wanafunua mapipa yao."

Akaokota punje moja, akamwekea kiganjani.

"Inakwaruza. Rekebisha."

Sadoki aliupapasa mchubuko kwa kidole gumba. Kisha, kwa mazoea, akageukia ukuta na kuita, "Andongwisye!"

Ng'ambo ya ukuta aliitikia muuza chumvi.