Unga wa Jef Ulipotoka Mweupe

Jumamosi ya soko duka letu la dawa pale Oudenaarde, Ubelgiji, hujaa kama harusini, na habari zote za mji hunifikia papo hapo. Asubuhi ile Bibi Alma alikuwa ameegemea kaunta akimsengenya mkwewe Griet.

"Amepaka nywele rangi ya karoti, Katrien. Mwanangu anajifanya hajaona."

"Ameona, bibi. Anaogopa kulalishwa kwenye kochi."

Foleni nzima ikacheka. Bibi akatia kikapuni vipakiti vya unga wa dawa ya moyo ya mjukuu wake Jef, mtoto wa miezi mitatu, akaenda zake. Mimi nikaingia nyuma kuosha kinu alichotumia Veerle, mfamasia wetu, kutengeneza unga huo. Maji yakatoka meupe.

Dawa ile ni kali mno kupimiwa mtoto ikiwa haijachanganywa. Huwa tunaweka akiba iliyokwisha kuchanganywa, sehemu moja ya dawa kwa tisa za sukari ya maziwa, na rangi nyekundu kidogo ili jicho lisikosee. Maji meupe maana yake Veerle alishika chupa nyingine, ya dawa tupu. Kali mara kumi.

"Veerle," nikamwita polepole. "Njoo uone maji."

Akaona. Akakimbilia simu. Simu ya Griet iliita tu bila kupokelewa. Tukatoka mbio na makoti yetu meupe katikati ya vibanda vya jibini, watu wakitusalimu, hatuitikii.

Griet alifungua mlango na mtoto begani.

"Umeshampa dawa?" Veerle akauliza.

"Sasa hivi. Kwani mnafukuzwa na nani?"

"Kwa kijiko, kama nilivyokuonyesha?"

Griet akainama. "Kwa kijiko anatema. Nimeimwaga kwenye chupa nzima ya maziwa, nikatikisa. Najua ulinikataza. Na mwenyewe kanyonya kidogo, akasusa."

Veerle alipeleka chupa dirishani. "Ulijaza ngapi?"

"Mililita mia."

Zilibaki tisini na mbili.

"Nane katika mia, mara kumi. Katrien, hesabu na wewe."

"Sufuri nukta nane," nikasema. "Hajafikisha hata kipimo chake cha kila siku."

"Basi mzima huyo," akasema Bibi Alma, aliyekuwa nyuma ya Griet.

"Mzima kama unga ulienea sawasawa. Kama ulituama kwenye chuchu, kaumeza karibu wote." Veerle akamgeukia Griet. "Nimekosea dawa. Ita ambulensi."

Hospitalini Jef alifungwa nyaya kifuani hadi jioni. Bibi Alma aliacha umbea, akaukodolea macho mstari wa mapigo kwenye skrini, na kila pigo lilipochelewa kidogo sote tulibana pumzi. Mwishowe daktari akasema moyo uko sawa.

Veerle akasimama. "Griet, unga mwingine nitautenge—"

"Wa kesho tunachukua hapahapa," Griet akasema, akamgeuza mtoto upande wa pili, mbali naye.