Jina la Ndoto ya Mwanabaraka

Mwanabaraka alisimama juu ya benchi la kundi lao la ngoma, kanga ya kisutu imemkaa sawasawa, akaninyooshea kidole mbele ya wanawake wote wa Kibokoni:

"Yupo wapi wa nyumbani, mwenye kuota mchana,
chungu chaungua ndani, na yeye habari hana?"

Pembe za nyati zikagongwa kwa vijiti, vigelegele vikapasuka upande wao. Alinipata pabaya, maana wali wa maulidi ya shangazi yangu uliungua mikononi mwangu juma lile lile, na mtaa mzima ulisikia harufu.

Enzi hizo za vita, mwaka wa arubaini na nne, makundi yetu ya lelemama, ngoma ya wanawake ichezwayo juu ya mabenchi, yalipigana kwa nyimbo, na aliyetupiwa wimbo ndiye aliyepaswa kujibu. Akinyamaza, kundi lake zima lilishuka benchini, na aibu ikalifuata hadi sikukuu nyingine. Kundi letu alikuwa amelilea Shangazi Sabira tangu akiwa mwari.

"Mejumaa," akaninong'oneza, "wataka tushuke?"

Tangu utotoni nilizoea kuzipa ndoto zangu za mchana majina, na nyumbani wakiniona punguani. Siku hiyo nikayatoa hadharani:

"Ndiyo, naota mchana, na ndoto nazipa jina;
jibukesho, pilazuba, nani hapa hajaona?"

Wakatazamana. Nikawafasiria. Jibukesho ni kule kuosha vyombo huku ukiushinda moyoni ugomvi wa juma lililopita. Pilazuba ni kujiona waingia harusini, watu wakaacha matonge hewani wakikukodolea macho. "Na chumvingojo," nikamgeukia Mwanabaraka, "ni adui yako kuja kukuomba chumvi, nawe waitafuta taratibu, na kopo unalo mkononi."

Benchi lao ndilo lililocheka kwanza. Mama mmoja mtu mzima akapiga ukelele, "Wallahi hiyo ninayo kila siku!" Mwanabaraka akashuka benchini, na kundi lake zima nyuma yake. Shangazi akachomoa ua la kilua kifuani mwake, akanichomeka nyweleni watu wote wakiona. Nilivimba kichwa, sifichi.

Tulipokuwa twakunja majamvi, Mwanabaraka alinijia peke yake. Mumewe alikuwa askari vitani Burma, mwaka wa pili huo tangu aondoke nyumbani.

"Shoga," akasema, sauti chini, "na ile ya kusikia hodi ambayo haikupigwa, ukakimbilia wanja kwanza kabla ya kufungua mlango? Hiyo yaitwaje?"

Sikuwa na jina lake. Nikakaa naye jamvini tukalitafuta, tukajaribu hili na lile, yote yakawa ya kipuuzi, akacheka hadi machozi yakamtoka, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

"Hodiwanja," nikasema mwishowe.

Akalirudia taratibu, kama anayeonja mchuzi.

"Langu hilo," akasema. "Usimpe mwingine."

Nimesifiwa kwa mengi maishani, lakini hakuna kilichonipa fahari kama kuombwa neno na adui. Neno lile sikumpa mtu. Mumewe aliporudi, Mwanabaraka mwenyewe ndiye aliyeligawa mtaa mzima.