Injini ya Mbio Katika Gari la Maribeth

Maribeth alipofariki, Orrin Vandersloot alibaki na nyumba ya vyumba vitatu pale mjini Flint, na gari la mkewe: Kadilaki nyeupe ya mwaka 1962, ndefu kama varanda. Lilikuwa gari la kimyakimya. Orrin alikuwa ametengeneza injini za mbio miaka thelathini, na kila Jumapili mkewe alikuwa akimzungusha humo ili masikio yake yapumzike, wapate kuzungumza bila kupaza sauti.

Majira ya baridi ya kwanza ya ugane wake hakuweza kuliendesha. Akikaa ndani husikia pumzi zake mwenyewe, basi hushuka. Mwezi wa tatu akaing'oa injini ya gari hilo, akaifunika turubai, na mahali pake akaweka injini ya mbio aliyobaki nayo timu yake ya mwisho ilipovunjika.

Rafiki yake Lyle, fundi wa gia wa siku nyingi, alikuja kumsaidia kuifunga, lakini hakumficha lililokuwa moyoni.

"Gari hili ni bibi wa watu, Orrin, nawe unalivisha viatu vya kukimbilia," alisema. "Mjini injini itachemka. Kwenye taa za barabarani itatetemeka kama mgonjwa wa homa. Hutapata raha."

"Nani kakwambia natafuta raha?"

Lyle akaendelea kukaza nati.

Ikawa kama alivyosema. Rejeta ilichemka mara mbili kwa wiki, usukani ulitetemeka mpaka viganja vikafa ganzi, na jirani alifunga madirisha kila Orrin alipotoka. Ila kwenye maonyesho ya magari ya Jumamosi watu walimzunguka, wakamwomba afungue boneti. Aliwajibu wote, akarudi nyumbani masikio yakivuma hadi usingizi ukamchukua. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Mwezi wa nane binti yake Nadine alikuja kutoka Arizona. Siku ya pili wakatoka kwenda kula samaki wa kukaanga kando ya ziwa, mwendo wa saa nzima. Njiani Nadine alimwinamia, akasema jambo refu. Orrin aliona midomo tu. Akadhani anasifia mashamba ya mahindi, akaitikia kwa kichwa. Nadine akamshika mkono, akaubana, kisha akageukia dirishani akifuta macho. Orrin naye akafurahi, bila kujua anafurahia nini.

Mezani Nadine akaanza kueleza habari za chumba: kinapata jua la asubuhi, mumewe ameahidi kukipaka rangi. Orrin akaweka uma chini.

"Chumba cha nani?"

"Chako, Baba. Si umekubali kuja kukaa nasi?"

Angeweza kudanganya. "Sikusikia, mwanangu. Nilidhani unasema habari za mahindi."

Nadine akacheka kidogo, kicheko kikamkatikia njiani. "Basi nakuuliza sasa. Utakuja?"

Orrin alitazama ziwa. Maribeth alikuwa amezikwa Flint, na kila mtu aliyemjua kwa jina alikuwa Flint. Akasema atafikiria. Nadine alimjua baba yake: kwake kufikiria ni kukataa. Akamsogezea limau, wakala. Walirudi kelele ile ikiwa kati yao, na safari hii hakuna aliyejaribu kusema neno.

Binti alipoondoka, Orrin alimpigia Lyle simu. Kazi ya kubadilisha injini iliwachukua wiki mbili. Injini ya mbio alimpa mwanamke mmoja aliyekuwa akishindana mbio za magari kwenye uwanja wa vumbi, naye akaondoka nayo akiimba. Ile ya zamani waliifungua, wakaisafisha, wakairudisha. Ilipowaka, Lyle alilazimika kuinamisha sikio.

"Ulisema kweli," Orrin alimwambia. Lyle hakumsimanga. Alinawa mikono, akaenda kwake kula.

Jumapili Orrin alitoka peke yake hadi nje ya mji, majani ya miti yakiwa yameanza kugeuka rangi. Akaegesha, akampigia Nadine. Walizungumza dakika tano: joto la huko, shule za watoto, mgongo wa mumewe. Alisikia kila neno, hata maji yakimiminwa kwenye glasi. Alikuwa amesimama pale ili aulizwe tena kama atakuja. Nadine hakuuliza, naye hakujua aanzie wapi, wakaagana vizuri. Alikaa mpaka kioo cha mbele kikafanya ukungu, akakipangusa kwa mkono wa koti, akageuza gari.