Maharage ya Hackbarth

Delbert Wiersma aliyafuta maharage kwenye kadi zake kwa kiganja, kama anavyofuta makombo, akasimama kwenda kula. Mimi yangu niliyaacha palepale juu ya kadi, nikayafunika kwa kitambaa cha karatasi.

"Unayaatamia?" akaniuliza. "Yakianguliwa uniite, mama kuku."

Wenzake wakacheka. Kujibu watu kunanipa tabu, na hata hivyo nilikuwa nimeona nilichokiona.

Tulikuwa chumba cha nyuma cha ukumbi wa mchezo wa boling. Ligi yetu hucheza hapo kila Jumamosi, theluji inapoanza mpaka inapokwisha. Ni besiboli ya mezani: kila mchezaji wa timu ni kadi, na dadu ndizo zinazosema mpira umekwenda wapi. Babu yangu Erwin alicheza hapo miaka thelathini na mmoja. Alipofariki mwezi wa kumi na moja, ligi ilikubali nimalizie msimu na timu yake. Nikichukua ubingwa, kiti chake kinakuwa changu. Nikikosa, anakaa mkwe wa Delbert, ambaye siku hiyo alikuja na chupa yake ya kahawa na tayari alikuwa anatafuta pa kuiweka.

Shule niliiacha darasa la tano kwa ajili ya ugonjwa wa nyonga. Hesabu nilizimalizia kwenye kadi hizo, nimekaa ubavuni mwa babu, na alichonisisitizia kuliko vyote ni uchovu. Mrushaji wa akiba, yule anayeingizwa mwishoni kuokoa mchezo, huwekewa harage moja kwa kila mpigaji anayemkabili. Yakifika matano amechoka. Dadu zake zinasomwa safu nyekundu ya kadi, na humo wapigaji wanajilia tu. Usiku ukipita, maharage yanaondolewa.

Kwetu Jumamosi moja huchezwa michezo miwili, na kila mmoja huhesabiwa siku yake, kwa hiyo chakula cha mchana ndio usiku. Ukienda kula soseji unafuta maharage. Wamefanya hivyo miaka mingi kiasi kwamba mkono unakwenda wenyewe.

Lakini fainali yangu na Delbert, ya michezo mitatu, ilipata mvua. Jumamosi iliyotangulia nilishinda mchezo wa kwanza. Wa pili, dadu zikasema mvua, ukaahirishwa. Na kitabu cha ligi kinasema mchezo ulioahirishwa unachezwa siku moja na unaoufuata. Siku moja. Katikati hakuna usiku.

Ndiyo maana asubuhi ile, katika mchezo wa pili, nilipokuwa nyuma kwa pointi mbili awamu ya nane, sikumwingiza Ruelas, mrushaji wangu bora wa akiba. Delbert, aliyekuwa mbele, alimwingiza Hackbarth, mrushaji wake wa akiba, aliyekabili wapigaji saba, na mchezo ukawa wa Delbert. Tukawa sare, kila mmoja na mchezo mmoja.

"Ruelas unamtunzia harusi ya nani?" aliniuliza. "Erwin angemleta."

"Babu angesubiri," nilisema, ila nilikiambia kikombe.

Baada ya kula tukaanza wa tatu. Nilicheza bila haraka. Nilijua nina nini mkononi. Tulifika awamu ya tisa nne kwa nne, zamu yangu kupiga, mtu wangu amesimama kituo cha pili. Delbert akachukua kadi ya Hackbarth, akaibwaga ubaoni kama mtu anayelaza turufu.

"Haya, mama kuku. Salimia mgeni."

Akachukua dadu. Sauti ilinitoka.

"Ana maharage saba, Bwana Wiersma."

"Nani?"

"Hackbarth. Umeyafuta mchana. Leo mchana si usiku. Mchezo wa asubuhi ni ule wa mvua."

Mkwe wake akasema, "Si tumeshakula?"

"Kula umekula wewe," alisema Bi Verna, mwandishi wa matokeo, akifungua kitabu. "Hackbarth hajalala. Yarudishe, Delbert. Na kadi imeshagusa ubao, hatoki mpaka arushe."

Delbert alinitazama, akatazama kitambaa changu cha karatasi. Akakivuta. Chini yake maharage ya warushaji wangu wa asubuhi yalikuwa yamekaa vilevile, na kadi ya Ruelas ilikuwa tupu.

"Ulikaa nayo mbele ya macho yangu," alisema.

"Uliniuliza kama nayaatamia."

Bi Verna ndiye aliyeanza kucheka. Delbert akayaokota maharage yake, akayapanga saba, moja moja, bila ubishi. Kwa hilo namheshimu. Kisha akatupa dadu. Safu nyekundu: mpira umefika ukutani. Mtu wangu akakimbia mpaka kituo cha nyumbani, pointi. Tano kwa nne.

Zamu yao nilimweka Ruelas. Mpigaji wa kwanza alikosa mipira mitatu. Wa pili aliupiga mpira juu, ukadakwa. Wa tatu Delbert alizipulizia dadu kabla ya kuzitupa, akaona mpigaji wake ametolewa na mchezo umekwisha, akazisukuma upande wangu.

"Sasa huyo naye ana matatu," alisema. "Usije ukasahau."

"Mpaka msimu ujao atakuwa amelala," nikasema. Safari hii alinisikia.

Mto wa babu, ule wa kukalia, nilikuwa naubeba kwenda nao nyumbani kila Jumamosi ya msimu mzima. Siku hiyo niliuacha kitini.