Kabichi la Kuulia Zimwi

Kabichi nililichagua mwenyewe asubuhi ile, gumu na zito, la kutosha shingo ya zimwi. Kwenye mchezo wa redio shingo hukatwa hivi: kabichi mezani, maikrofoni karibu, kisu kikubwa, pigo moja. Msikilizaji huko nyumbani anajishika shingo yake. Kazi yangu ndiyo hiyo, mpiga milio. Mvua ni mchele kwenye sinia, moto ni mfuko wa plastiki unaofikichwa, na nyayo za zimwi ni ndoo ya mchanga ninayoitua sakafuni tena na tena, puu, puu.

Zimwi lenyewe lilitungwa na dada yangu. Yeye ndiye mwandishi, ndiye mkubwa wa kipindi, na tangu utotoni ndiye mwenye neno la mwisho. Katika sehemu ya pili lilimla kijana mchungaji, likabakiza kofia. Zimwi la kawaida tu, njaa na hasira. Sauti aliitoa mjomba wetu, mtu mpole asiyeweza kufukuza hata kuku jikoni, lakini ukimpa maikrofoni utakimbilia kufunga mlango.

Halafu mimi nikakosea. Ilikuwa sehemu ya sita. Zimwi linapita karibu na mtoto aliyelala, linanusa, linakwenda zake. Ndivyo karatasi ilivyosema. Nikiwa nahangaika na ndoo, kiwiko changu kikaburuta kitambaa cha meza mbele ya maikrofoni, taratibu, fyuuu. Sisi tunarusha moja kwa moja, hakuna kurudia. Mjomba, ili kuficha kosa langu, akashusha pumzi ndefu.

Wiki ile simu hazikukatika. Watu walikuwa wamesikia zimwi likimfunika mtoto shuka. Watu wazima na akili zao walipiga kuuliza kama huko msituni kuna baridi sana. Jamani, nilifurahi mpaka nikawa nacheka peke yangu njiani. Dada ana vitabu, jina lake liko mlangoni. Mimi nina mchele na ndoo. Lakini nusu ya zimwi lile niliizaa mimi, kwa kiwiko changu.

Dada hakufurahi hata kidogo. Siku ya sehemu ya mwisho akagawa karatasi: Shujaa anaingia pangoni, anakata shingo, muziki, kwaherini.

"Dada, usiliue," nikamwambia. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Halikumalizi, lakini linakula," akajibu bila kuinua macho. "Kamwulize mchungaji. Na usiniletee ukaidi wako. Ukiharibu leo, tafuta pengine pa kupigia masinia."

Nilikasirika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba kuhusu mchungaji alisema kweli.

Saa nne kamili asubuhi taa nyekundu ikawaka. Moyo ulinidunda hadi nikahofia maikrofoni itaunasa. Anayeigiza Shujaa tunamwita Bwana Kifua kwa jinsi anavyotembea. Akasogea, akanguruma, "Leo ndiyo mwisho wako." Mjomba akapumua kwa nguvu. Nikainua kisu.

Mkono haukushuka. Ningeweza kusema niliamua, lakini ningekuwa naongopa. Mkono uligoma tu. Sekunde moja, mbili. Redioni ukimya ni dhambi kuliko matusi. Nyuma ya kioo cha studio dada alikuwa amesimama, kiganja chake kikipiga hewa: kata, kata. Bwana Kifua akarudia, "Nimesema leo ndiyo mwisho wako," huku akinikodolea macho kama nimemnyang'anya sahani.

Mjomba akaokoa jahazi kwa sauti ya zimwi. "Mbona hupigi?"

Maskini Bwana Kifua, bila karatasi ni kifua kitupu. Akameza mate. "Kwa sababu... ulimfunika yule mtoto."

Nilitaka kumrukia nimkumbatie. Nilidhani sasa mjomba angesema ndiyo, nihurumie, mambo yaishe. Hakusema hivyo.

"Mtoto nilimfunika," alisema polepole. "Na mchungaji nilimla. Usinigawe nusu. Wote wawili ni mimi."

Hapo akainuka mama mmoja kwenye kiti cha kona, mwigizaji aliyekuwa mama wa mchungaji katika sehemu ya pili. Siku hiyo alikuwa ameitwa kushangilia tu mwishoni pamoja na umati. Akavua viatu visilie, akaja kwenye maikrofoni.

"Nipe huo upanga," akamwambia Shujaa. "Aliyeliwa ni wangu."

Haraka nikagonga kisu kwenye kikombe cha bati, upanga ukapokelewa. Mama yule akanigeukia, akanitazama machoni, mkono wake juu. Nikaelewa kwamba akisema piga, nitapiga. Nililipenda zimwi langu, nililipenda kweli, lakini mimi ni nani nimnyime mama huyu pigo moja? Nikainua kisu tena, nikamsubiri yeye.

"Alilia?" akauliza.

Mjomba akasogelea maikrofoni. "Alikuita wewe."

"Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna. Ni mimi peke yangu."

Mama akapumua, na pumzi ile haikuwa ya kuigiza. "Basi ishi," akasema. "Kila jioni uje mlangoni kwangu unieleze tena alivyoniita. Siku utakayokosa, nitakufuata na huu upanga."

Nikaweka kisu chini. Bwana Kifua alikuwa analia waziwazi, shujaa mzima. Nyuma ya kioo dada alisimama kiganja mdomoni, kisha akaamuru muziki. Taa ikazimika.

Aliingia studio kwa hatua zake zile za kunichapa utotoni. Sikungoja kuambiwa, nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Unakwenda wapi?" akauliza. "Kipindi hakijaisha. Jumamosi ijayo zimwi litabisha hodi kwa yule mama, mara ya kwanza. Mimi nimeshindwa kuusikia mlio wake. Zimwi lenye aibu linagongaje mlango?"

Nikaenda mlangoni, nikagonga kwa kidole kimoja. Mjomba akatikisa kichwa, akasema hapana, polepole zaidi.