Umeme wa Fundi Mkubwa

Hakuwa na kibao mlangoni, hakuwa na gari la kubebea mbao, hakuwa na mke tangu wa kwanza aliporudi kwao na wa pili alipokataa kuja. Hakuwa na ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Msumeno ulimtoza hiyo kama karo ya kujifunza kazi. Na tangu mvua za mwaka jana hakuwa na mwenzake kazini, kwa kuwa kaka yake alipigwa na kiharusi akiwa ameshika ubao, na sasa alilala chumba cha nyuma, ukuta mmoja tu kutoka karakana.

Watu walimwita Fundi Mdogo, ingawa kichwa kilikuwa kimejaa mvi. Kaka mtu ndiye aliyekuwa Fundi Mkubwa, na majina ya utani hayaulizi umri.

Karakana ilikuwa na mashine moja ya maana: randa kubwa ya umeme, chuma kitupu, ambayo Fundi Mkubwa aliinunua kwa jasho la miaka mingi. Randa ile haikukubali umeme wa kawaida wa nyumbani. Ilitaka laini kubwa, ya njia tatu, na laini hiyo ina ada yake ya kila mwezi. Uwashe mashine, usiwashe, ada iko palepale.

Hilo la mwisho Fundi Mdogo hakulijua, maana bili zilikuwa shughuli ya kaka yake. Ya kwanza ilipomfikia yeye, alidhani taa ndizo zinazomla. Akazima taa zote, akasogeza meza ya kazi dirishani. Bili ikaja vilevile. Akaenda ofisi ya umeme amefura.

"Binti, mwezi mzima ninakata mbao kwa msumeno wa mkono. Huu umeme nimeunywa?"

"Baba, umeme umetumia kidogo sana," akajibu karani, msichana mpole. "Hapa unalipia laini. Inakusubiri hata ukilala."

"Basi iambie isinisubiri."

Karani akacheka. "Inaambiwa kwa barua. Mwenye laini aandike, aombe ashushiwe iwe ndogo. Lakini fikirieni vizuri. Siku mkiitaka tena mtaanza upya kama wageni, na ni ghali." Akatazama kompyuta yake. "Na mwenye jina hapa si wewe."

Fundi Mdogo alirudi akiburuta miguu. Angemwambiaje kaka yake? Kuomba laini ishushwe kulikuwa sawa na kumwambia mgonjwa machoni kwamba hatasimama tena mbele ya mashine. Na Fundi Mkubwa bado alikuwa akisema, kwa ule mdomo uliopinda upande, "Nikipona, tutaanza na yale makabati."

Tena kulikuwa na jambo jingine. Tangu mwanzo wa ugonjwa, kila asubuhi Fundi Mdogo aliiwasha randa, akaiacha ivume kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, kisha akaizima. Ubao wa kupitisha humo hakuwa nao; vijikazi vilivyobaki vilimalizwa kwa msumeno wa mkono. Wateja walikuwa wamehamia kwenye samani za kiwandani. Alitaka tu kaka yake asikie kupitia ukutani kwamba kazi inakwenda. Shemeji yake, mke wa Fundi Mkubwa, alijua, akanyamaza.

Ada ikaendelea kula. Ikala fedha ya mbao, ikala ya viatu, mwishowe ikafika kwenye ya mganga wa viungo, yule aliyekuja kumkunja na kumkunjua mgonjwa mkono.

"Shemeji, mtu wa mazoezi haji tena," mke wa kaka akamwambia mlangoni pa karakana. "Amechoka kuahidiwa."

"Nitatafuta."

"Utatafuta wapi? Chini ya randa?"

Asubuhi iliyofuata akaiwasha randa kama kawaida, akapeleka chai chumba cha nyuma. Fundi Mkubwa alikuwa macho, amegeukia ukuta.

"Nenda kazime."

"Kaka, kuna mbao za mteja..."

"Randa yenye ubao inalia. Hiyo inajiimbia tu. Kazime."

Akaenda, akazima. Aliporudi akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kilichopinda ni mdomo, bwana. Masikio yamenyooka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungelia. Na wewe ukilia unatisha." Akavuta pumzi. "Halafu, nilipenda kuisikia."

Ndipo Fundi Mdogo akakaa kitandani na kumweleza yote: laini, ada, karani, mtu wa mazoezi. Kaka alisikiliza bila kumkatiza.

"Kuirudisha ni ghali?"

"Ghali sana."

"Basi haitarudi. Lete karatasi."

Fundi Mkubwa akatamka, mdogo wake akaandika juu ya kipande cha ubao magotini. Salamu zilikwenda vizuri. Ombi nalo likaandikika. Walipofika kwenye sababu, kalamu ikasita.

"Niandikeje?"

"Andika mashine haitumiki."

"Haitumiki kwa sasa?"

Uani, shemeji alikuwa akisuuza vyombo, naye akaacha.

"Usiandike kwa sasa," akasema Fundi Mkubwa.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa. Shemeji akaleta wino wa dole gumba, naye akaukataa. Alisema yeye amesaini mikataba ya watu wazima. Akasaini kwa mkono wa kushoto, taratibu, herufi zikipanda na kushuka, jasho likimtoka kama anayebeba gogo. Alipomaliza akageukia ukuta tena.

"Ipeleke leo leo. Kesho nitakuomba uichane."

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekauka. Fundi Mdogo akaingia karakana, akapaka gundi ya mbao kwa ncha ya kijiti, akaibana kwa vidole vyake tisa na nusu hadi ikashika. Kisha akavaa shati safi, akatembea hadi posta, na kuisukuma barua ndani ya sanduku.